Mama Pini na Midomo ya Harusi

Wifi yangu ni mtu wa maneno mengi ambaye watu wamemsifu miaka nenda miaka rudi kwa ukimya wake. Nalisema hili mapema kwa sababu wateja wetu hawakulijua, na walipokuja kulijua maji yalikuwa yameshamwagika.

Tunamwita Mama Pini. Ni dada wa mume wangu, ni fundi cherehani, na chumba tunachoshonea ni chake: cherehani yake dirishani, mashine yangu ya ovaloki, ya kufungia kingo za vitambaa, ukutani, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kubadilishia nguo ambalo halifiki chini, kwa hiyo kila mteja tunamjua mpaka visigino. Jina lake limetokana na mazoea. Anapomrekebishia mtu nguo mwilini hupiga magoti, huzibana pini katikati ya midomo, safu nzima, vichwa vimetokeza nje, kisha huzichomoa moja moja kadiri mkono unavyozihitaji. Mwenye pini mdomoni hasemi. Anaguna tu: "Mm."

Sasa mchukue mwanamke aliyesimama mbele ya kioo, kavaa nusu, nusu hajavaa, na kuna mtu magotini anamzunguka polepole bila kusema neno. Lazima atasema yeye. Walimsimulia habari za waume zao, wakwe zao, mabosi wao, mambo ambayo hata mto wa kulalia haukuwahi kuyasikia. Yeye anaguna tu. Na wateja walizielewa zile "Mm" zake kuliko yeye mwenyewe alivyozielewa. Kuna mama mmoja alirudi kwa mumewe kwa ajili ya "Mm" moja ndefu yenye huzuni ndani yake, akaja kushukuru. Mimi nilikuwepo. Kumbe pini ilikuwa imemchoma wifi yangu kwenye ufizi.

Ukweli ni kwamba pini ziliwekwa pale kama kufuli. Alipokuwa anajifunza kazi, wifi yangu alikuwa hawezi kuona kiuno kilichoongezeka bila kukitangaza. Marehemu fundi aliyemfundisha, mwanamke mkali mwenye miwani ya kamba, alivumilia mpaka mteja wa tatu alipoondoka analia, akamwekea mwanafunzi wake pini mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. "Zishike hizo," alimwambia. "Zikidondoka, na wewe umedondoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Tangu siku hiyo wifi yangu hakupoteza mteja, mpaka haya ninayosimulia.

Hata mimi nilikuwa mteja wa masikio yake. Nikiwa kwenye ovaloki nilimmwagia malalamiko yote kuhusu mume wangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, na yeye akaguna miaka yote hiyo. Nikadhani tunakubaliana.

Basi mwaka jana akaja mwalimu mkuu wa shule ya pale juu, aliyekuwa anakaribia kustaafu, akitaka gauni la sherehe ya kuagwa. Mwanamke wa umbo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa mpaka na wale wanaosinzia nyuma ya darasa. Tukamwita Mkuu, na mpaka leo ni Mkuu. Siku ya kujaribu gauni, Mama Pini kapiga magoti, pini mdomoni, Mkuu akaanza kutoa ya moyoni. Mwanawe wa kiume kaleta mchumba nyumbani. Binti wa maabara, kazi yake kupima damu za watu hospitalini. Mrefu kama ngazi. Anacheka kwa sauti. Anabeba mkoba wa viraka vya kila rangi, mtu anauona kabla ya kumwona yeye.

"Na mama yake ni fundi tu, fundi wa wapi sijui," alisema Mkuu akijigeuza mbele ya kioo. "Nimemsomesha mwanangu kote kule, leo aje kuoa kwa watu wa viraka?"

Mguu wangu uliganda kwenye pedali. Mkoba ule pindo zake nilizishona mimi. Huyo mrefu kama ngazi ni binti wa Mama Pini, mtoto wake wa pekee, na kijana mwenyewe alikuwa bado hajaletwa kwetu. Nilimtazama wifi yangu. Alichomoa pini moja, akaichoma kiunoni pa lile gauni, akasema, "Mm."

Miezi michache baadaye familia mbili zilikutana sebuleni kwa Mama Pini kufahamiana. Mkuu aliingia kwa heshima zake, akakaa, akainua macho kumtazama aliyekuwa anammiminia chai. Niliona uso wake ukipauka.

"Karibu, mkwe," alisema Mama Pini, kama mtu asiyewahi kumwona. "Sukari vijiko vingapi?"

"Bila sukari," alisema Mkuu kwa sauti ndogo.

Sukari alikuwa ameiacha tangu sherehe ya kuagwa. Alikuwa pia ameanza matembezi, kila asubuhi unamwona anapita mbele ya chumba chetu na raba nyeupe, mikono ikikata hewa. Wala hakuna aliyelitaja neno lile, si siku ile wala baadaye. Mkuu alisisitiza hata nguo yake ya harusi ashone kwetu, akawa anakuja kujaribu na kuzungumzia hali ya hewa. Binti hajui kitu. Kijana hajui kitu. Tulijua watatu, na ndoa ile, kwa maoni yangu, ilikuwa imeshikizwa kwa pini, na pini zenyewe ziko mdomoni mwa wifi yangu.

Halafu picha ikaleta balaa. Kuna mtu alitupiga picha siku ile ya sebuleni, na Mama Pini akaikuza kwenye simu mpaka ikabaki midomo yake peke yake.

"Wifi," aliniuliza, "midomo yangu imekwenda wapi?"

Nilitazama, na kweli ilikuwa imekwenda. Kwao wana midomo minene, mizuri. Mume wangu anayo, binti anayo, marehemu mama yao alikuwa nayo. Ya Mama Pini ilikuwa imebanwa na pini miaka yote hiyo mpaka ikalala, na mikunjo midogo imesimama kuizunguka kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Hakulia. Lakini siku nzima kila alipopita mbele ya kioo alikuwa anaivuta kwa vidole, akidhani simwoni. Nilimwonea huruma sana, na huruma yangu ndiyo iliyotuponza.

Kwanza nilimpeleka kwa dada wa saluni, yule wa kucha na kope, aliyebandika tangazo dirishani: Midomo Papo kwa Papo. Alituingiza chumba cha nyuma, akatoa kichupa kwenye mkoba wake, baina ya wanja na chaja ya simu. Mama Pini alikipokea kama anavyopokea uzi mpya dukani, akakigeuza juu chini.

"Hiki ni nini?"

"Ni ile ya midomo, mama."

"Imeandikwa wapi?"

"Ni ya nje hiyo."

"Nje ya wapi? Nje ya mlango?" Akakiinua kwenye mwanga. "Na ikikaa vibaya, nani ataifumua?"

Maskini, hakujua kama inafumuliwa. Mama Pini alimrudishia kichupa chake kwa upole kabisa. Mtu asiyetia kwenye cherehani uzi usio na lebo hawezi kuutia usoni.

Tukaenda kwa daktari wa ngozi, mwanamke mtaratibu, vyeti vyake ukutani, na dawa ameifungua boksi mbele ya macho yetu. Alieleza bila haraka. Kinachotiwa ni aina ya jeli, si cha milele, mwili unaila taratibu, kwa wengine nusu mwaka, kwa wengine mwaka. Ya aina hii mtu akijutia kuna sindano ya kuiyeyusha. Ziko nyingine hazina dawa ya kuzitoa, ndiyo maana ni busara kuuliza jina kabla ya kuuliza bei. Akauliza kama huwa anatokwa na malengelenge mdomoni, maana sindano huweza kuyaamsha. Akauliza dawa zote anazokunywa, hata za magoti, kwa kuwa baadhi hufanya damu isigande upesi na mtu akabaki na wekundu na weusi usoni. Akauliza kama ni mjamzito, na Mama Pini akanitazama mimi kana kwamba nimesema mimi. Akasema ataanza na kidogo. Midomo itavimba siku kadhaa. Asiikande, asiibane, chai ya moto aiache ipoe. "Na ukiona umepauka mdomo, au umekuwa na madoa ya buluu, na maumivu makali, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Inawezekana mshipa umeziba. Nipigie saa hiyohiyo."

Halafu akauliza, "Una shughuli yoyote karibuni? Mwenye shughuli namshauri aje mwezi mzima kabla."

"Mwezi ujao," alisema Mama Pini, macho makavu.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nikamkanyaga mguu. Akanikanyaga wa kwangu.

"Na kazi yako?"

"Fundi cherehani."

"Vizuri, kazi ya kukaa," alisema daktari, akavaa glavu.

Simlaumu. Aliuliza yote ya kuuliza. Lakini hakuna daktari duniani anayewaza kumuuliza mtu pini zake anaziweka wapi, na wifi yangu hakuona haja ya kulitaja, kwa sababu kwake pini mdomoni ni kama meno, huendi kumwambia daktari kwamba unayo.

Kesho yake midomo ilitangulia kuingia chumbani, mwenyewe akafuata. Mume wangu alikuja kumwona dada yake, akamsalimu, kisha akaisalimu midomo. Alifukuzwa kwa futi ya kupimia. Tulifanya kama tulivyoelekezwa: barafu ndani ya kitambaa, mito miwili kichwani, na kila mara mbele ya kioo kutazama rangi. Ikanywea siku baada ya siku, na siwezi kusema uongo, ilipendeza. Upande wa kushoto tu palibaki alama ya kuvilia damu, ambayo rangi ya mdomo ingeificha.

Jumanne Mama Pini akapiga magoti mbele ya mteja, akaweka pini mdomoni kama kawaida. Alipiga ukelele mpaka wenye maduka ya jirani wakatoka nje. Pini zilitapakaa sakafuni. Tukampigia daktari.

"Pini?" alisema kwenye simu. "Mdomoni?" Akaniambia nimpe mwenyewe simu. "Mama, usibane kitu chochote kwa midomo hiyo, wiki mbili nzima. Na ukinisikiliza, usirudie tena maishani."

Akajifunga kile kimto cha pini kwenye kifundo cha mkono, kama mafundi wengine. Mdomo ukabaki mtupu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulianza Jumatano asubuhi.

Wa kwanza alikuwa muuza viatu, aliyekuja na mkewe kupimwa suruali. "Ehe," Mama Pini alimwambia kutoka chini, kwa sauti ya kirafiki kabisa, "ile pikipiki uliyomficha mkeo, bado iko kwa rafiki yako?" Yule bwana aliondoka na pindo la mguu mmoja. Akaja karani wa benki, na mchumba wake kakaa kwenye benchi, kamshikia mkoba. "Nimewaza sana habari yako," Mama Pini alimwambia. "Mkubali tu yule wa pili." Mkoba ulidondoka. Si kwamba alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anajibu. Watu walikuwa wamemuuliza maswali miaka yote hiyo, na sasa majibu yalikuwa yanatoka kama yalivyoingia, kwa foleni. Usimwage mtama penye kuku wengi, nilimnong'oneza, na yeye akasema ndiyo wifi, kweli wifi, akaendelea kumwaga.

Mchana zamu yangu ikafika.

"Lile la kaka yangu kusahau siku mliyooana," alianza, "jibu ni kwamba hata kuvaa viatu alikuwa anakumbushwa na mama. La kukoroma, mgeuze ubavu. Na lile ulilosema kwamba sisi dada zake tunajiona, hilo tutalizungumza baada ya harusi."

Nilimpa barafu anyonye. Akaongea na barafu mdomoni. Na mimi kichwani mwangu nilikuwa na jambo moja tu: Alhamisi Mkuu anakuja kujaribu nguo yake kwa mara ya mwisho, na huyu mwanamke hawezi hata kuhifadhi pikipiki ya mtu. Harusi iko Jumamosi. Nilijaribu kumwahirisha Mkuu kwa simu. Hakupokea.

Alhamisi binti alisimama juu ya kigoda na gauni lake la harusi, mama yake akizunguka pindo. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkuu na raba zake nyeupe. Alisalimia. Akaitazama ile midomo mipya. Kisha nikaona kabisa macho yake yalipofika: hapana pini.

"Mkwe," alisema, akiushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Afadhali umekuja, mkwe wangu," alisema Mama Pini. "Nina jambo. Limenikaa hapa mwaka mzima."

Nilikanyaga pedali. Ovaloki yangu ikinguruma, hata anayesema hajisikii mwenyewe. Sikuwa nimeweka hata kitambaa. Nilikanyaga tu, nikiomba umeme usikatike. Mama Pini akasubiri. Nikaendelea kukanyaga.

"Wifi!" alinifokea mwishowe. "Unashona hewa. Zima hiyo mashine."

Nikaizima.

"Lile gauni lako la kuagwa," alisema Mama Pini.

"Ndiyo," alisema Mkuu, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Lilikubana?"

"Lilinibana sana. Zipu ilivutwa na watu wawili. Nilisoma hotuba nusu, pumzi zikaisha. Niliogopa hata kukaa."

"Nililibana kwa makusudi. Ulipomaliza kujaribu, nikalipunguza kiunoni, kidole kizima kila upande."

Mkuu alishika ukingo wa meza ya kukatia. "Kwa hiyo mimi sikunenepa?"

"Hukunenepa."

"Mwaka mzima nakunywa chai bila sukari!"

"Najua. Si mimi ndiye ninayekumiminia?"

"Mama!" Binti alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, pale juu ya kigoda. "Mama, unamfanyiaje mtu hivyo? Kwa nini?"

Swali limeulizwa, na jibu lake liko tayari nyuma ya ile midomo isiyo na hata pini moja. Nilimwona wifi yangu akivuta pumzi. Namjua. Alimtazama binti yake, mrefu kweli kama ngazi, amependeza mpaka mtu unataka kulia. Kisha akaibana midomo. Aliibana kwa nguvu, daktari na makatazo yake wakae kando, nikaona maumivu yakimpanda mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mm," alisema.

Aliyesema ni Mkuu. Aliweka mkoba wake chini kwanza.

"Alikuwa na haki, mwanangu. Nilisema neno baya, mbele ya mama yako, bila kujua ni mama yako. Tangu siku ile natafuta pa kumwomba radhi. Nimeshona nguo ambazo wala sikuzihitaji, ili nije nimwombe. Kila nikija, ana pini mdomoni. Nikasema nikimwomba ataguna, nami nitarudi nyumbani bila kujua nimesamehewa au la." Akageuka. "Nisamehe, mkwe."

"Nimekusamehe," alisema Mama Pini upesi, kabla ile sentensi haijapoa. "Na mimi unisamehe vidole viwili."

"Neno gani?" aliuliza binti. "Lilisemwa neno gani? Kuhusu nani?"

Mama wawili wakatazamana.

"Mm," wakasema kwa pamoja.

Nilicheka mpaka nikaegemea ovaloki. Mkuu naye akacheka, akajifuta macho kwa kipande cha bitana. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, "nami nimemlipa fundi akitie." Nikachemsha chai, na safari hii aliweka sukari mpaka kijiko kikasimama. Akainama kwa Mama Pini, akashusha ile sauti yake ya darasani, ambayo hata ikishushwa inasikika barabarani.

"Na hiyo midomo, inauma?"

"Ukiniuliza wewe nitakwambia kweli," alisema wifi yangu. "Usiende kwa mwenye kichupa kisicho na jina. Usimdanganye daktari tarehe. Na mweleze kazi yako yote, hata ile sehemu inayofanywa na mdomo."

"Mimi kazi yangu yote ilifanywa na mdomo," alisema Mkuu, akashika wa kwake kwa kidole, akafikiri.

Harusi ilikwenda vizuri. Midomo ilikuwa imepinda kidogo upande wa kushoto kwa ajili ya ile "Mm" ya Alhamisi, lakini hakuna aliyeiona, kwa sababu katika kila picha ya siku ile Mama Pini amepigwa akiwa anaongea. Mdomo wazi tu, kuanzia mlangoni mpaka kwenye keki. Ameitundika mojawapo chumbani, juu ya kioo, na hajawahi kuiona kasoro.

Jeli imekwisha kunywea, na hakurudi kutia nyingine. Muuza viatu hajatokea mpaka leo. Mkewe ndiye anayekuja, tena kwa pikipiki. Karani aliolewa na yule wa pili. Wateja waliobaki walisubiri zile wiki mbili ziishe, wakarudi mmoja mmoja, kila mmoja akichungulia mlangoni kwanza kuona kama pini zimerudi mahali pake. Zimerudi. Daktari hajui, na wewe usimwambie.

Juzi Mkuu alikuja na sketi ya kupunguza. Mama Pini akapiga magoti, pini mdomoni, safu nzima. Mkuu akajitazama kwenye kioo, akafungua mdomo kusema jambo, akaufunga. Kisha akainama, akakinga kiganja chini ya kidevu cha wifi yangu, kama alivyozoea kuwatemesha wanafunzi peremende.

"Zitoe kwanza," alisema. "Leo nataka kujibiwa."